Fundi wa Picha za Mbio

Fundi wa picha alinitia shaka tangu dakika ya kwanza, na kosa lake lilikuwa Kiswahili. Kilikuwa safi mno. Lodwar ya miaka ile ya sabini, kila mtu alizungumza Kiswahili cha kuokota: Waturkana na chao, wenye maduka na chao, na sisi makarani tuliotoka "Kenya", kama wenyeji walivyouita upande wote wa Kitale kwenda chini, na chetu. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Yeye akaja dirishani kwangu akasema, "Nitashukuru ukinigongea muhuri, binti," huku akinisogezea kibali chake cha kuingia wilayani kwa mikono miwili. Nikakisoma mbele na nyuma. Nikakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa halali kabisa. Nikamgongea muhuri, na alipoondoka nikamwambia karani mwenzangu kwamba mtu yule ana jambo.

Nikiri mapema kwamba shaka ni ugonjwa wangu. Mama alikuwa akisema nilimkagua mkunga kwanza, ndipo nikalia. Halafu nikawa taipisti katika ofisi ya serikali, na taipisti husoma barua za watu kabla ya wenyewe kuzisoma, kwa hiyo ugonjwa ukapata chakula. Fundi yule nilimkagua kwa miaka minne. Mambo yake niliyoyaweka kichwani ni mengi kuliko ya mwanamume niliyekuja kuolewa naye.

Alikuwa mwembamba, mrefu, na alivaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, katika joto la Lodwar ambalo hata mbuzi walilikimbia. Nikajiuliza anaficha nini chini ya lile shati. Alikuwa mchoyo wa sukari. Ukienda kwake chai ilikuja na kijiko nusu, naye alikitazama kijiko mpaka kizame. Hakuwa na mke wa kuonekana wala barua za kutoka popote. Wengine walisema ametoka Uganda, wengine pwani, wengine walisema ni mtu aliyekosana na kanisa. Hakuthibitisha hata moja, wala hakukanusha, jambo ambalo kwangu lilikuwa kama kukiri.

Mchana alipiga picha za vipande, zile ndogo za kuweka kwenye kitambulisho. Alikuwa na chumba nyuma ya duka moja, shuka la buluu ukutani na kiti kimoja. Hapo ndipo tulipogombana mara ya kwanza. Wazee wa Kiturkana walikuja kwake na nywele zao zilizopakwa udongo na kuchomekwa manyoya ya mbuni, naye akawapiga hivyohivyo na kuleta picha ofisini. Kanuni ilisema kichwa kisifunikwe. Nikazirudisha. Akazileta tena, zilezile, na karatasi yenye maneno matatu: "Hizo ni nywele." Nikazirudisha. Akazileta mara ya tatu, safari hii akiwa na mzee mmoja mwenye picha yake, akamsimamisha mbele ya bosi na kusema, "Mheshimiwa, mwambie aivue hiyo kofia." Mzee akainamisha kichwa akingoja kuvuliwa. Bosi alicheka hadi akakohoa, na picha zikapita. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa nimeshindwa mbele ya watu.

Lakini picha za vipande hazikuwa kazi yake ya moyoni. Jua likianza kuzama alifunga chumba, akabeba kamera na kigoda cha miguu mitatu cha kuisimamishia, akatembea polepole hadi barabara ya Kitale, mahali inaposhuka kuelekea mto Turkwel. Alisimama pale akingoja malori. Lori likitokea na taa zake, alivua kofia, akafunika lenzi kwa kofia ile, akabonyeza kitufe cha kuifungua, kisha akaiondoa kofia na kuanza kuhesabu kwa sauti: "Moja na pumzi. Mbili na pumzi. Tatu na pumzi." Saa ya mkono alikuwa nayo, ila hakuitumia. Alisema saa hukuambia wakati wa Nairobi, pumzi hukuambia wakati wa hapa ulipo. Lori likishapita aliirudisha kofia kwenye lenzi, akachukua daftari na kuandika.

Nilikwenda kwake siku moja kwa kisingizio cha picha ya kutuma nyumbani, nikaziona ukutani. Nilitazamia malori. Palikuwa na giza, miti ya mkoma iliyosimama wima, na katikati mistari miwili ya mwanga iliyopinda kufuata barabara kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

"Lori liko wapi, fundi?"

"Limepita."

"Sasa ulipiga nini?"

"Kule kupita kwake."

"Na dereva?"

"Yumo. Ametandazwa humo barabarani."

Niambie wewe, mtu mwenye akili timamu angewaza nini? Ilikuwa miaka ya wavamizi waliovizia barabarani. Malori ya mahindi ya msaada yalitoka Kitale na kupanda hadi Kakuma na Lokichoggio, mengine yakisindikizwa na askari, na huyu mgeni mwenye Kiswahili cha redio alisimama barabarani kila jioni akiandika lori gani limepita saa ngapi na limechukua pumzi ngapi kuteremka mlima. Nikamwambia bosi. Bosi akaniambia niandike barua ya siri, nikaiandika kwa raha zangu zote, na nikatumia neno "mienendo" mara tatu.

Koplo na askari wawili walikwenda kumkagua. Koplo alikuwa mtu mwadilifu na alitaka ushahidi, kwa hiyo aliichukua kamera, akaitoa nje penye jua ili aone vizuri, akaufungua mgongo wake na kuivuta filamu yote, kipande baada ya kipande, akizitafuta picha. "Hamna kitu," akasema. "Ni mkanda mtupu."

"Sasa ndio mtupu," fundi akamjibu. "Umezichoma zote arobaini kasoro nne."

Koplo hakuamini kwamba jua linaweza kuchoma kitu bila moshi, akadhani anatishwa. Fundi akakaa chini pale pale mchangani akamweleza, kwa upole wa kuudhi, jinsi filamu inavyokunywa mwanga na kwamba ikinywa kupita kiasi haikumbuki lolote. Koplo akaomba radhi. Daftari lilisomwa lote na kurudishwa. Mimi nilikuwapo, nimetumwa kuandika maelezo, na hiyo habari ya filamu na jua niliielewa vizuri kuliko koplo.

Alikuwa na msemo wake, na aliusema kwa kila mteja mpaka ukachosha: "Mtu akisimama mbele ya kamera anajipanga. Akikimbia hana nafasi ya kujipanga." Kwa sababu hiyo alipenda kila kitu kiendacho mbio. Alipenda mbuzi wakifunguliwa zizini alfajiri. Picha moja ya namna hiyo ilikuwa ukanda mweupe tu unaomiminika kati ya miiba, na mzee mmoja wa Kanamkemer alipoonyeshwa akaitazama sana, akasema, "Hii maji. Hii iko maji ya mlima." Alipoambiwa ni mbuzi wake mwenyewe akakasirika, akaanza kuwatafuta mmoja mmoja kwa kidole, na alimwona mmoja tu, beberu mzee aliyesimama kando akikataa kutoka. "Huyu najua," akasema. "Huyu kichwa ngumu." Akaichukua picha kwa ajili ya beberu.

Mambo hayakwenda vizuri hivyo kwenye ngoma. Vijana walimwita awapige wakicheza edonga, ile ngoma yao ya kuruka, na walijipamba kwa siku mbili. Yeye akaacha lenzi wazi hadi pumzi ya sita. Picha zilipotoka, vijana wote walikuwa wamegeuka moshi. Palikuwa na miguu, tena iliyo wazi kabisa, pale ilipogusa ardhi, na juu yake ukungu. Aliyeonekana sawasawa alikuwa bibi mmoja aliyekaa nyuma kwenye kigoda akivuta tumbaku. Bibi alifurahi kupita kiasi. Vijana walikuja na fimbo.

"Wewe nafuta sisi!" kiongozi wao akapiga kelele. "Uso yangu iko wapi? Rudisha uso yangu!"

"Uso ulikuwa unaruka," fundi akasema. "Nimekupigia kule kuruka."

"Kuruka mimi najua. Mimi nataka uso!"

Ilibidi awapige tena wote mmoja mmoja, wamesimama, bila malipo, na ninaambiwa wakati wote alikuwa amenuna kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Ile ya moshi aliibandika ukutani palepale juu ya kitanda chake. Alikuwa hivyo: mpole kwa aliyemkosea, mkaidi kwa yule aliyekosewa naye.

Na alikuwa mwoga wa magari. Hili ndilo lililonishinda kulielewa. Mtu huyu aliyekesha akiwaza mwendo hakupanda mbele ya lori kamwe. Akilazimika kusafiri alikaa nyuma juu ya magunia, uso ameuelekeza kule alikotoka, akishika kamba kwa mikono miwili. Barabarani alitembea kwa mwendo wa mtu anayetafuta sindano. Naye mwenyewe hakukubali kupigwa picha. Niliwahi kumuuliza sababu, akasema anajua kujipanga kupita wote, kwa hiyo picha hiyo ingekuwa ya uongo.

Kitu kingine, hakusema lolote kuhusu picha ambayo haijaoshwa. Ukimuuliza kama umetoka vizuri, alijibu, "Ngoja ioshwe." Ukimuuliza kama ulifumba macho, "Ngoja ioshwe." Hata kama alikutazama usoni na kuona umefumba, hakusema. Aliamini kwamba jicho la fundi huona linachotaka, na filamu huona kilichopo. Mimi niliuita huo ujanja. Mtu anayekataa kusema alichokiona, nilisema, ana bei yake.

Sasa nifike kwa ndugu yangu.

Mdogo wangu alikuwa dereva wa lori, na akiwa Lodwar alilala nyumbani kwangu, upande wa Nawoitorong. Madereva wenzake walimwita Upepo, na jina hilo alilivaa kama medali. Nimewahi kupanda lori lake kutoka Kitale. Nilifika nikiwa nimeng'ang'ania mlango kiasi kwamba vidole vilikataa kufunguka. Mara mbili aliniapia kwa jina la mama kwamba atapunguza mwendo. Mara mbili nilisikia sokoni kwamba amewapita watu kwenye vumbi wakidhani ni ndege. Nilimpenda sana, na neno lake la mwendo sikuliamini hata robo.

Jioni moja, saa moja hivi, alikuwa akirudi na lori tupu kutoka Lokichoggio. Karibu na Kalobeyei barabara ilishuka ghafla kwenye laga, mto ule mkavu wa mchanga, na mzee mmoja alikuwa akivuka na ngamia wake kwenda kwake. Lori likamgonga mzee. Alikufa kabla ya kufikishwa Kakuma. Ngamia hakuguswa.

Wazee wa ukoo wa marehemu walikaa na kusema neno lao, na walilisema wazi mbele ya chifu. Kama dereva alijaribu kusimama, hiyo ni ajali. Watazungumza mifugo ya fidia, wataipokea, na watapeana mikono. Kama hakujaribu, basi amemuua mzee wao kama adui anavyoua, na hapo hakuna mazungumzo, wala asikanyage tena ardhi yao. Mahakama nayo, kwa lugha yake, ilitaka kujua kitu hichohicho: alikanyaga breki au hakukanyaga? Alama za magurudumu zilikuwa zimekwisha kukanyagwa na watu na mifugo iliyokuja kutazama. Ndugu yangu alisema alikanyaga. Dereva gani angesema vingine?

Lakini palikuwa na shahidi. Fundi wa picha alikuwa juu ya mteremko siku ile. Alikuwa amekwenda Kalobeyei kwa ajili ya mteremko wenyewe, na safari hii alikuwa na filamu ya rangi aliyoiagiza mbali, kwa kuwa alitaka ule wekundu wa taa za nyuma. Lori lilipompita tu aliondoa kofia kwenye lenzi, na lenzi ilikuwa wazi mpaka mwisho. Kwa hiyo humo ndani ya filamu palikuwa na mistari miwili myekundu inayoshuka kwenda kwenye laga. Breki ikikanyagwa, taa za nyuma huongeza mwanga, na mstari hunenepa. Mistari ikinenepa kabla ya mwisho, ndugu yangu ni mkweli. Ikifika mwisho myembamba vilevile, kwisha.

Filamu ya rangi hakuweza kuiosha mwenyewe kwa ndoo zake. Ilikuwa lazima iende Nairobi. Ndugu yangu, kutoka mahabusu, alimtumia neno: "Mpe dada yangu. Ataituma kwa mfuko wa ofisi, haitapotea." Fundi akaja dirishani kwangu na kikopo kidogo cha bati, akakiweka mezani kwa mikono miwili.

"Fundi," nikamuuliza, "ulikuwa pale. Uliona nini?"

"Ngoja ioshwe, binti."

"Ni ndugu yangu. Niambie tu. Taa ziliwaka?"

"Nikikuambia sasa nitakuwa nimekupa jicho langu. Ngoja ioshwe."

Na hakunitazama. Hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa akitazama kile kikopo. Nikajiambia: ameona, na alichokiona kibaya, na anamwonea huruma dada mtu. Mchana nikaenda kumwona ndugu yangu mahabusu. Akaniambia kupitia dirisha, "Dada, nilikanyaga. Nilikanyaga mpaka mguu ukauma." Nami nikayasikia maneno hayo kwa sauti ileile aliyoniapia nayo kwa jina la mama.

Saa ya chakula ofisi ilikuwa tupu. Nilitoka nyuma, penye tangi la maji, jua la saa saba likiwa utosini. Nikafungua kikopo. Nikaivuta filamu yote, ndefu kuliko nilivyodhani, ikajikunja mikononi kama utumbo wa mbuzi. Nikaishikilia juani, nikahesabu hadi mia moja ili nisibakize. Kisha nikairudisha ndani nikizungusha kwa penseli, taratibu, nikafunga kikopo, nikakifunika kwa karatasi, nikakiandikia anwani, nikakitia kwenye mfuko wa Nairobi. Jioni nilipika wali. Nilijiona shujaa, kusema kweli. Nilijiona nimemwokoa mtoto wa mama yangu.

Filamu ilirudi nyeusi tii, na karatasi iliyosema hakuna picha. Siku ya kesi fundi aliitwa kizimbani akiwa amefunga vifungo vyake vyote. Hakimu alimuuliza kama aliona taa za breki zikiwaka. Watu wakaanza kunong'ona. Halafu akasema, "Nilidhani niliziona. Sasa sina hakika."

Ndugu yangu alipata miaka miwili na leseni ikachukuliwa.

Baada ya hapo mji ulimtafuna fundi. Ndugu wa marehemu walisema amenunuliwa na mwenye lori, akaiharibu picha makusudi. Madereva walisema amenunuliwa na upande wa pili. Wengine walisema hakuwahi kuwa fundi, kamera ilikuwa ya kufichia kazi nyingine. Watu wakaacha kwenda kwake hata kwa picha ya kipande. Wakasafiri hadi Kitale. Siku moja karani mwenzangu akaniambia, "Wewe ulimjua mapema yule. Ulisema ana jambo." Nikasema ndiyo, nilisema. Nililisema hilo kwa kinywa changu, na chai ikiwa mkononi. Miezi mitatu baadaye fundi alihamia Kakuma na sanduku lake na kile kigoda cha miguu mitatu.

Ndugu yangu alitoka akiwa amekonda na mtulivu kupita umri wake. Akaja kwangu. Kazi ya kupakia magunia ikapatikana kwa mfanyabiashara mmoja, lakini kila lori lililokwenda Kakuma na mbele yake alibaki nyuma, kwa sababu wazee wa Kalobeyei hawakubadili neno lao. Siku moja aliniuliza, bila hasira, "Dada, ile picha hivi iliharibikia wapi?" Nikasema Nairobi hawaaminiki. Usiku huo sikulala, na wiki iliyofuata ofisi ilipotafuta mtu wa kwenda Kakuma kuandikisha vipande, nilijitolea.

Nilimkuta fundi kwenye chumba kimoja cha mabati, karibu na ukingo wa mto Tarach. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mwanamke mmoja wa Kiturkana mwenye shanga hadi kidevuni alikuwa kwenye kiti akipigwa picha, akikataa kutulia.

"Ejok, mama, vizuri hivyo," fundi akamwambia. "Tulia kidogo tu."

"Nimetulia! Wewe ndio natingishika!"

Alimpiga picha, akaagana naye, ndipo akanigeukia. Nywele zilikuwa zimeota mvi. Alinipa chai. Ilikuwa na vijiko viwili vya sukari, na hakuvitazama.

Sikuwa na maneno ya kuzunguka. "Fundi, ile filamu niliichoma mimi. Niliitoa juani."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu iliporudi." Akachukua kipande cha filamu ya zamani mezani akanionyesha. "Filamu iliyoharibiwa na fundi huwa nyeusi hapa katikati tu, penye picha. Kingo hubaki safi, hapa penye vitundu. Ile ilikuwa nyeusi mpaka kwenye vitundu. Hiyo imetolewa yote nje. Na kutoka mkononi mwangu hadi Nairobi ilipitia mkono mmoja."

"Na hukusema? Mji mzima unakuita mla rushwa, na ulijua?"

"Ningesema nini? Wewe ni dada yake. Nilijua unalinda nyumba yako."

Nikaanza kulia. Yeye akaendelea, akitazama ile filamu vidoleni, na nadhani yeye naye alikuwa amelibeba jambo hili kwa muda mrefu bila mtu wa kumwambia.

"Siku ile mlimani nilikuwa nahesabu. Kwenye tisa na pumzi, ile mistari ilinenepa. Zile taa ziliwaka. Kwenye kumi na moja nikasikia kishindo. Nilikwenda Lodwar nikiwa na hakika, nikingoja tu filamu iseme. Halafu ikarudi nyeusi hadi kwenye vitundu. Nikajiuliza, dada yake kwa nini aichome? Hawezi kuichoma picha inayomwokoa. Basi kijana amemwambia ukweli kule mahabusu, kwamba hakukanyaga, na mimi niliona nilichotaka kuona. Ndiyo maana kizimbani nilisema sina hakika." Akainua macho. "Alikuambia hakukanyaga?"

"Hapana."

"Alikuambia nini?"

"Aliniambia alikanyaga mpaka mguu ukauma."

Fundi aliweka kile kipande cha filamu mezani. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi mimi niliona. Wewe ndiye uliyenifanya nisione."

Nje mtu alikuja kuuliza bei ya picha, akaambiwa arudi mchana.

"Wazee wa Kalobeyei nawajua sasa," akasema baadaye. "Nimewapiga vipande vyao wote. Nitakwenda kwao tukae, nitawaambia nilichokiona kwenye tisa. Watanisikiliza. Lakini wataniuliza kwa nini sikusema mahakamani, na hilo sitalijibu mimi. Utakuja ulijibu wewe, mbele yao na mbele ya ndugu yako. Kwa hiyo aanze kusikia kwako."

Nilirudi Lodwar kesho yake kwa lori, juu ya magunia, maana mbele palikuwa pamejaa. Nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Ndugu yangu alikuwa jikoni akisonga ugali, mgongo wake kwangu.

"Karibu, dada. Umemwona fundi?"

"Nimemwona."

"Anasemaje?"

"Anasema ulikanyaga."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Hakugeuka.

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia," nikasema. "Sikukuamini. Epua hiyo sufuria uje ukae, nikuambie nilichofanya."